Kinanda Kitasubiri, Mwalimu Alipwe Kwanza

Ujumbe wa sauti ulinikuta kwenye tramu, Jumanne usiku mwishoni mwa Juni, narudi kutoka mazoezini. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya kigango chetu, kule Mtwara, upande wa Masasi. Kama ilivyo desturi ya watu wa kwetu, hakuanza na shida. Alinisalimu, akaniuliza habari za baridi, akanipa taarifa ya msiba wa jirani na ya mikorosho iliyoanza kushikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, ndipo akafika alikokuwa anakwenda: kinanda kimekufa, spika mbili zimechanika, na mwezi wa tisa Askofu anakuja kutoa Kipaimara. "Dada yetu, wewe ndiye mtu wetu wa muziki huko Ulaya. Tunakutegemea."

Niliusikiliza mara tatu. Nyuma ya sauti yake kwaya ilikuwa inajifunza Utukufu, na besi walikuwa wanaingia nusu pigo kabla ya wenzao, vilevile kama walivyokuwa wakifanya nilipojiunga nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kisha nikasikia makofi mawili ya mwalimu, kikohozi kirefu, na agizo la kurudia toka mwanzo.

Nilijibu kwamba mchango nitatoa, lakini si wa kinanda. Ni wa mwalimu. Jibu langu likasambazwa kwenye kundi la kwaya. Wapo walioniunga mkono, na wapo waliosema Ulaya imenigeuza, sasa kila kitu nakipima kwa hela. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana nyumbani nikisema nafanya muziki, mtu hunyamaza akisubiri nitaje kazi. Naishi Leipzig, Ujerumani. Jumanne naongoza kwaya ya mtaa yenye watu arobaini hivi: manesi, walimu, fundi bomba, wastaafu wengi. Kwaresima na Majilio ndiyo mavuno yangu ya kuimba, kwa sababu makanisa ya huku huandaa nyimbo kubwa za Mateso ya Bwana na za Noeli zikiwa na okestra, nami huitwa kuimba sehemu za alto za mtu mmoja. Siku zinazobaki niko chuoni na tasnifu ya uzamivu kuhusu namna maneno ya Kiswahili yanavyokaa kwenye nyimbo za kanisa za kusini mwa Tanzania. Watu huhesabu kazi tatu. Kwangu ni moja. Nisingeimba mwenyewe, nisingejua ni wakati gani wa kuwapumzisha soprano kabla koo halijakaza. Nisingesimama mbele ya kwaya, utafiti wangu ungekuwa wa karatasi tupu.

Katika mji huu mtunzi Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu wa kwaya kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Kwetu jina lake hutajwa kwa sauti ya chini, kama la mtu ambaye hakuwahi kuumwa na njaa. Nilipoanza kusoma barua zake nilishangaa kukuta malalamiko ambayo ningeweza kuyasikia chini ya mwembe wetu. Agosti 1730 aliwaandikia wakubwa wa halmashauri ya mji kwamba hana waimbaji wa kutosha. Katika vijana 54 wa shule yake, aliwahesabu 17 wanaofaa, 20 wasiofaa bado, na 17 wasiofaa kabisa. Miezi miwili baadaye akamwandikia rafiki yake wa zamani juu ya kipato: sehemu yake inategemea ada za maziko, na mwaka hewa ya mji ikiwa nzuri, watu hawafi sana, na yeye anapungukiwa. Fikiria hilo. Mtu aliyeandika muziki ambao dunia nzima inauimba, na bajeti ya nyumba yake inapanda na kushuka kwa idadi ya majeneza. Lakini angalau alikuwa na mwajiri wa kumlalamikia. Kulikuwa na mkataba, kulikuwa na kiasi kilichoandikwa.

Mwalimu wetu analalamika kwa nani?

Kwaya yangu ya Leipzig ni chama kilichosajiliwa. Kila mwanakwaya hulipa ada ya mwezi, na sehemu kubwa ya ada hiyo ndiyo malipo yangu. Hakuna anayeona kwamba kwa kunilipa wamepunguza upendo wao wa kuimba. Kwa kuwa sina mwajiri mmoja, bima yangu ya afya na pensheni hupitia mfuko wa wasanii ambao huku umekuwa ukifanya kazi tangu 1983: mimi nalipa nusu ya mchango, nusu nyingine inatoka serikalini na kwa mashirika yanayotumia kazi za wasanii. Majira ya baridi yaliyopita sauti ilianza kukwaruza. Daktari wa koo aliingiza kamera ndogo, akanionyesha kwenye skrini nyuzi zangu za sauti zilivyovimba, akaniamuru nisiseme neno kwa siku kumi. Nilinyamaza siku kumi. Mazoezi yaliongozwa na mwenzangu, na malipo yangu hayakukatwa.

Sasa yule anayekohoa kwenye ujumbe. Ameifundisha kwaya ya kigango kwa zaidi ya miaka thelathini. Malipo yake ni sare kila kwaya inaposhona mpya, na soda na pilau siku ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba. Anaishi kwa korosho kama wengine wote. Kila mwaka kuanzia Mei anajitwisha mashine ya kupulizia mgongoni na kuzunguka chini ya mikorosho akirusha salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua upepo unapogeuka unga unarudi wote usoni, machoni, puani, kooni. Jioni mtu huyohuyo ananawa, anavaa shati safi, anakwenda kumwonyesha kijana wa sauti ya tena namna ya kushika nota ya juu bila kupiga kelele. Kwa koo lilelile. Mimi niliyefundishwa naye nina daktari wa koo, na yeye aliyenifundisha ana maji ya uvuguvugu na chumvi.

Na msidhani nasema haya kwa huruma tu. Nasema kwa sababu najua thamani ya anachokijua. Alinakili nota kwa mkono, sauti nne, kwenye madaftari ya shule, akitumia do re mi ili asiye na masomo aweze kusoma. Tulipoimba nyimbo za zamani zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani, alikuwa anasimama na kukunja uso. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ya kigeni haijui hilo, inaweka pigo zito mwishoni mwa neno, na ghafla "wokovu" unakuwa neno ambalo hakuna mama yeyote sokoni angelitamka. Mwalimu alikuwa anasogeza nota, anaongeza moja fupi hapa, anaondoa nukta pale, mpaka neno likae kama linavyosemwa. "Neno kwanza," alikuwa anasema. Miaka mingi baadaye nilikaa darasani muhula mzima tukijadili uhusiano wa mkazo wa neno na pigo la muziki, na nikagundua kwamba somo lile nililimaliza kigangoni. Kwa Kimakonde kazi ni ngumu zaidi, maana ni lugha yenye toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Tuni isiyoangalia hilo inalivunja neno. Mwalimu hana cheti cha haya yote. Ana sikio na miaka thelathini.

Nikisifia mpangilio wa Wajerumani sisemi kwamba wanaimba kutuzidi. Wanasoma nota vizuri, wanafika saa moja na nusu jioni kamili, kila mmoja na penseli. Lakini kwaya nyingi za mitaa zinazeeka. Waimbaji wa sauti ya tena ninao watatu tu, na wawili wamestaafu. Nilipojaribu kuwafundisha wimbo wa matoleo kwa kusikia, bila karatasi, walihangaika kama watu walionyang'anywa miwani. Ilichukua wiki nne kabla mabega hayajaanza kucheza. Kigangoni kwetu vijana wanaushika wimbo wa sauti nne katika jioni mbili, umeme ukiwepo au usiwepo, na Jumapili wanauimba huku wakitembea kwa hatua moja. Kipaji hicho tunacho bure, na nadhani ndiyo sababu tunamchukulia hivyo hivyo mtu anayekipalilia.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya mshahara. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aitwaye Karl Weule alishuka Lindi, akapanda hadi Masasi, Chingulungulu na Newala. Alibeba fonografu ya mitungi ya nta na akarekodi watu wakiimba. Kitabu cha safari yake kilitoka Leipzig mwaka 1908. Nilikisoma kwa Kijerumani, mjini humohumo, nikikutana na majina ya vijiji ambavyo basi letu la kwenda shule lilikuwa linavipita. Watu wa Lindi tunauliza, na tuna haki, kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale, mifupa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa mabegani hadi bandarini, ambayo leo imesimama Berlin. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nyimbo ziko wapi.

Na hata leo, elimu ya muziki wetu hupita Ulaya kwanza. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, aliandika juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na kitabu chake kilichapishwa Uswisi mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotamka kwamba muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Mimi nimefuata njia hiyohiyo. Nchini kuna pa kusomea, Bagamoyo, Makumira, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini binti wa Masasi akitaka kuongoza, kuimba na kutafiti kwa pamoja, bado ataambiwa achague ualimu wa somo jingine.

Chuoni kwangu niliwahi kuombwa nilete nyimbo za unyago. Nilichezwa, ninazijua. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Zina wenyewe, zina mahali pake, na kungwi aliyenipa hakunipa ili ziwekwe kwenye rafu. Lakini nyimbo za kupura mtama, za kubembeleza watoto, na zile alizotunga mwalimu wetu mwenyewe, ambazo ziko kwenye madaftari yanayoliwa na mchwa, hizo nataka ziandikwe. Ziandikwe kule, na watu wa kule, na anayeziandika alipwe.

Nimeambiwa kuimba ni sadaka. Ni kweli, kwa anayeimba. Mimi pia nikiwa nyumbani ninaimba bure na nitaimba bure hadi kufa. Lakini fundi anayekuja kutengeneza spika hatuambii atoe sadaka. Dereva wa gari la kwaya hatuambii. Mpiga picha anayetoka Dar es Salaam kurekodi video yetu siku moja analipwa kabla hajafungua begi lake. Mtu pekee asiyelipwa katika shughuli nzima ni yule ambaye asingekuwepo, shughuli isingekuwepo.

Na fedha ipo, naomba tusidanganyane. Kwaya ina watu 45. Kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni 90,000. Najua mwezi wa tatu mfukoni hamna kitu, basi anayeshindwa alipe kwa mkupuo mwezi wa kumi na moja korosho zikilipwa, kama tunavyofanya kwa sare. Mimi nitaweka 90,000 nyingine kila mwezi. Hiyo ni 180,000, na sharti langu ni moja: iandikwe kwenye daftari la mhazini kwa jina la malipo ya mwalimu, isiitwe zawadi. Zawadi hutolewa mtu akikumbukwa.

Kipaimara kitafanyika hata bila kinanda. Besi wakipewa nota kwa mdomo na wakazuiwa ile nusu pigo yao, Askofu atasikia Utukufu ulionyooka.

Mwenyekiti amenijibu jana. Ameniomba niandike kiasi na sharti kwenye karatasi, nisaini, nipige picha, nitume, kwa sababu kamati inakutana Jumapili baada ya Misa ya pili na wazee watataka kuona maandishi. Nimeshatuma. Mwalimu mwenyewe hajaambiwa. Wiki hii yuko shambani, anamalizia mzunguko wa tatu wa salfa.