Sauti Zinazomzunguka Senua

Michezo ya video huandamwa zaidi kwa damu na risasi, lakini Hellblade: Senua's Sacrifice, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Ninja Theory ya Cambridge, Uingereza, ulizua mjadala kwa sababu ya sauti. Senua, mpiganaji wa Pict, kabila la kale la Scotland, anaugua maradhi ya akili yanayomsikilizisha watu wasiokuwepo, na anayecheza husikia yote anayosikia yeye. Wapo wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kugeuza mateso ya wagonjwa kuwa burudani. Hofu hiyo ina msingi, ila naona inapita kando ya kile ambacho sauti hizo hufanya.

Zilirekodiwa kwa maikrofoni zilizopangwa kama masikio mawili ya binadamu, hivyo ukivaa hedifoni, sauti moja hunong'ona kisogoni, nyingine hukucheka upande wa kushoto, na ya tatu hukukatisha tamaa kila unapokosea njia. Skrini haina ramani wala kipimo cha uhai. Adui akikunyemelea kwa nyuma, ni sauti zilezile za dhihaka zinazokuonya, na usipozisikiliza utapigwa. Kwa hiyo mchezaji aliyetamani zinyamaze hujikuta anazitegemea, na hapo ndipo huanza kuelewa kwa mwili wake kwa nini mgonjwa hawezi tu kuambiwa azipuuze. Sidhani kama kipeperushi cha hospitali kingeweza kumfikisha hapo. Wala hayakuwa mambo ya kubuni ofisini: Profesa Paul Fletcher, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alishauri, na watu wanaosikia sauti maishani mwao walishirikishwa.

Hata hivyo, hisi hazingoji akili izipe ruhusa. Mwaka 2020, taa za kumetameta katika tukio moja la Cyberpunk 2077 zilimpandisha kifafa mwandishi aliyekuwa akiukagua mchezo huo, na watengenezaji wakaongeza onyo, kisha wakazibadilisha taa zenyewe. Onyo lipo pia mwanzoni mwa Hellblade, lakini onyo humwachia mtu mambo mawili tu, kucheza au kuacha. Kwa anayesikia sauti tayari, haki ingekuwa kumpa uwezo wa kuzipunguza au kuzisogeza mbali na sikio akiwa ndani ya mchezo, pasipo kuwanyima wengine ukali wake.