Eti alikuwa anatania tu

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga, Ngamiani huku kwenye barabara za namba, na Desemba ile mtoto wa kaka yangu aliniletea aproni ya kazini nimrudishie kamba iliyokatika. Aproni ya bluu, kubwa, imeshavaliwa na watu kabla yake. Uzi wa bluu ulikuwa umeniishia nikaipiga na uzi mwekundu, nikamwambia nisamehe mwanangu itaonekana, akacheka akasema "Shangazi, pale hakuna anayeangalia aproni." Nilicheka na mimi. Lile neno nimekuja kulielewa baadaye sana.

Tumwite Zuhura, sio jina lake. Alikuwa na miaka 16, kamaliza fomu foo Novemba, na kile kipindi mnakijua, matokeo mpaka Januari, fomu faivu mpaka Julai, watoto wanakaa nyumbani mpaka nyumba inawachoka, kwahiyo mtoto akipata pa kujishikiza wazazi wanashukuru Mungu. Akapata kwenye mgahawa mmoja hapa mjini, sitautaja, kazi ya kuhudumia na kuosha vyombo, elfu tano kwa siku na chakula cha mchana. Kaka yangu akafurahi, mimi nikafurahi, tukasema angalau atajua pesa inavyotafutwa.

Yani ilianzia kwenye shikamoo. Anaingia asubuhi anamwamkia bosi kama alivyolelewa, bosi anaitikia marahaba huku kampa mkono, na mkono hauachii. Umelalaje, umeota nini, umeniota mimi? Wenzake kaunta wanacheka. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya pili yakaja maneno ya umbo na ya nguo, mbele ya wateja, na kuna wateja nao walikuwa wanachangia. Halafu meseji, saa tano usiku, "umelala?". Halafu ikawa "we baki kwanza tufunge hesabu", mtoto ambaye hata hesabu hashiki, kazi yake sahani.

Mimi nilijua kwa simu. Alikuja kunisaidia kukata vitambaa Jumapili moja, simu kaiweka mezani, nikaona kila ikiwaka anailaza kifudifudi, inawaka tena anaisogeza mbali, mwisho kaifunika na kipande cha kitenge kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue. Nikamuuliza nani huyo, akasema hamna Shangazi. Nikaendelea kushona. Baada ya kama nusu saa, bila kuniangalia, akasema, "Hivi mtu unayemwamkia shikamoo unamwambiaje aache?"

Mpaka leo sina jibu zuri la hilo swali. Tunawafundisha watoto kwamba mkubwa hajibiwi, mkubwa hakatazwi, mkubwa akikuita unaitika abee, halafu siku mkubwa mmoja akigeuza heshima ile ile kuwa kamba ya kumfungia mtoto tunashangaa eti kwanini hakusema, kwanini hakupiga kelele. Angepigaje? Hilo somo hatukumpa.

Mama mpishi wa pale alimwambia bosi ana utani tu, mzoee. Sasa hapa ndipo ninapotaka kugombana na watu. Sisi watu wa Tanga utani tumelelewa nao, wa makabila, wa babu na mjukuu, wa mashemeji, mpaka msibani mtani anakuja anatania maiti na wafiwa wanacheka. Kwahiyo utani tunaujua. Utani unajibiwa. Mtani akikutukana na wewe unamtukana, akikuchukulia kofia unamchukulia kiatu, na wote mnarudi nyumbani salama. Huyu mtoto angemjibu bosi kwa utani ule ule, amshike kiuno na yeye, amwambie mbele ya wateja tumbo lako limekuwa kama pipa, angekuwa na kazi kesho yake? Basi usiniambie ni utani. Mmoja ana mdomo na ana mshahara wa mwenzake mfukoni, mwingine anaambiwa acheke. Na alikuwa anacheka kweli, alinambia mwenyewe, "nilikuwa nacheka Shangazi", kama vile ananiungamia kosa.

Kingine ambacho watu wanakipita haraka ni saa. Wote tunaangalia mkono, mkono ulimshika wapi, lakini kabla ya mkono kulikuwa na saa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, anaruhusiwa kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ila kazi ya usiku hapana, na usiku wenyewe umetajwa, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Zuhura alikuwa anatoka saa nne. Maana yake lile "baki tufunge hesabu" lilikuwa kosa tayari hata kama yule mzee angekaa na Biblia au msahafu mkononi. Na sisi nyumbani tulikuwa tunajua anatoka saa nne, kaka alikuwa anamtuma bodaboda wa mtaani akamfuate, tunaona tumemlinda. Hakuna aliyeuliza mgahawa uliofunga saa mbili unafanya nini na mtoto mpaka saa nne.

Haya, sasa nilifanya nini mimi mtu mzima niliyeambiwa? Nilimwambia aache kazi.

Basi. Nikamwambia acha, usirudi kesho, baba yako tutamwambia umechoka. Kaka yangu nilimficha kwasababu namjua, angebeba panga au angesema umejipeleka mwenyewe, moja kati ya hayo mawili, na sikutaka hata moja. Zile meseji nikamwambia afute asije mtu akaziona. Siku nane alizokuwa anadai nikamlipa mimi kidogo kidogo. Nikajiona nimemsitiri mtoto wa watu. Na polisi sikuwaza, mji wenyewe huu wa baiskeli, ukiegesha baiskeli yako nje ya kituo dakika kumi tu, ukifika sokoni unaulizwa kuna nini nyumbani.

Ikapita Februari, ikapita Machi. Aprili nimetoka kuchukua vitambaa nina njaa nikaingia pale pale, sijui hata kwanini, labda nilitaka kumuona huyo mwanaume sura. Nikaagiza chai na kachori. Kasichana kakaniletea, kadogo, kamezungusha kamba za aproni mara mbili kiunoni maana imemzidi. Aproni ya bluu. Kamba ya kushoto imeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mkono wangu ule. Mishono yangu naijua, huwa narudi nyuma mara tatu kwenye pembe, fundi mwingine anarudi mara mbili. Kachori sikuimaliza.

Kwahiyo hii stara tunayoisema ni stara ya nani? Mimi nilimtoa mmoja nikamwachia nafasi mwenye mgahawa atafute mwingine, na kazi ya kusafisha ushahidi nikamfanyia mimi mwenyewe, bure, meseji nimefutisha, baba sikumwambia, mtoto nimemfundisha aseme amechoka. Yeye hakuhangaika na chochote zaidi ya kutafuta mwenye kiuno cha kuvaa ile aproni. Najua wengi mnaosoma mngemwambia mtoto aache kazi, na aache kweli, simaanishi abaki, ila tukiishia pale tunakuwa tumebadilisha mtoto tu.

Nilipoanza kuuliza uliza ndio nikajua vitu ambavyo naona aibu kuvijua nikiwa na miaka 44. Ile ile Sheria ya Mtoto inasema mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa. Wajibu, sio ukipenda. Mimi, mama mpishi, wale wa kaunta, wateja waliokuwa wanachangia maneno, wote. Usumbufu wa kijinsia, hata wa maneno matupu, upo kwenye Kanuni ya Adhabu tangu mabadiliko ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Na ukiambiwa kazi yako au mshahara wako mpaka ukubali kitu fulani, hiyo inaitwa rushwa ya ngono, ipo kwenye sheria ya rushwa ya 2007, unapiga TAKUKURU 113. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, ni bure, hiyo ni namba ya kusaidia watoto, hata mtu mzima anaweza kupiga kwa niaba yake. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii ambaye ndio kazi yake, sio fadhila.

Upande wa kazi napo kuna sheria ya ajira ya 2004, yenyewe inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu kama jinsia yake au umri wake kuwa ni ubaguzi, na malalamiko yanaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA. Hapa kuna mtego. Kesi ya kuachishwa isivyo haki ina siku 30 tu, tena aliyefanya kazi chini ya miezi 6 ile kinga ya kuachishwa haimuhusu, na hawa watoto wa kipindi cha matokeo karibu wote hawafiki miezi sita. Migogoro mingine ni siku 60. Mimi siku 60 nilizimaliza nikiwa najipongeza. Unaweza kuomba upokelewe kwa kuchelewa ukaeleza sababu, sababu yangu nitaeleza nini, nilikuwa nashona?

Hizo siku 60 ni za Tume, polisi na ustawi wana utaratibu wao, hilo ndilo lililonipa pumzi.

Meseji ndio zinaniuma. Kama una mtoto yupo kwenye hali hii leo, asifute kitu. Piga skrinishoti, zitume kwenye simu nyingine, maana bosi akitaka simu ya mtoto ataiomba tu na mtoto atampa. Na nunua kaunta buku, mwambie aandike tarehe, saa, maneno yenyewe yalivyosemwa hata kama ni machafu, nani alikuwepo. Asiandike "alinisumbua". Aandike alisema nini. Halafu ukae naye wakati anaandika na usimuulize alivaa nini.

Na sio wasichana peke yao jamani. Kuna gereji hapa jirani yangu ina kijana wa miaka 15, jina lake halisi sijawahi kulisikia, anaitwa Zuzu, akileta spana siyo anarushiwa hiyo hiyo, akilia wanamuita majina ya kike, na sisi tunaopita tunasema ndio anafundishwa kazi hivyo. Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Juzi nimemuuliza jina lake, akanitazama kwanza kama nimemtukana.

Wenye biashara sina mengi na nyie, mtoto alipwe na mtu mwingine sio wewe peke yako chumbani, atoke kabla ya saa mbili, namba yake ya simu asiwe nayo kila mwanaume wa pale. Ni gharama gani hapo?

Wafanyakazi wenzake ndio nina neno nao, hasa akina mama wenzangu wa jikoni. Najua mna watoto, najua kazi zenyewe ndio hizo, sikwambii ukamkabili bosi. Ila kuna vitu havikufukuzishi kazi. Bosi akisema upuuzi, usicheke. Tu. Kaa kimya uendelee kumenya vitunguu, kile kicheko kikikosekana anajisikia yeye mwenyewe. Akimwambia mtoto abaki, sema na mimi nabaki nina sufuria za kusugua. Mtoto akiitwa ofisini mtume mwingine amfuate aulize funguo za stoo. Mama mpishi wa Zuhura nilienda kumuona kwake Makorora, nikamkuta anachambua mchele, nikamwambia kilichonileta, akachambua weeee mpaka nikadhani hajanisikia, halafu akasema, "Mimi nimemuona huyu ni wa nne." Amekubali kuja nasi kutoa taarifa. Kesho anaweza akabadilika, simlaumu, ila jana alikubali.

Mama wa huyu kasichana mpya nimeshaonana naye pia, alilia, akaniuliza kwanini sikusema mapema, nikamwambia sina cha kujibu. Kaka yangu amejua, hakubeba panga, alikaa kwenye ngazi ya nje mpaka adhana ya alfajiri, hajasema na mimi siku tatu na ana haki yake.

Zuhura ameandika. Kurasa tatu na nusu za kaunta buku, mwandiko wake ule wa shule, mistari imenyooka. Mstari wa kwanza kaandika "Naomba radhi kwa kuchelewa kusema." Nikamwambia huo ufute, wewe huna cha kuombea radhi, akakataa, akasema Shangazi ndivyo barua zinavyoanza. Tumebishana, nimeshindwa. Upo hapo hapo, Jumatatu tunaenda nao hivyo hivyo.