Kufuli la Ujerumani

Jumapili ile tulitoka kanisani saa nane, jua la Kisumu likitukaanga utosi, tukafika nyumbani Manyatta tukakuta kufuli linaning'inia wazi mlangoni. Mama watoto akaniangalia. Mimi nikaliangalia kufuli. Nikasukuma mlango kwa ncha ya mwavuli, mimi mwenyewe nimejibanza nyuma ya mama watoto, na ndani nikamwona mama mmoja ameketi kwenye kiti changu, miguu kwenye beseni langu, anajipepea. Karai la omena liko juu ya meza.

"Nyinyi mnamtafuta nani?" akatuuliza.

Kumbe ni jirani mpya, mlango wa tatu. Alikuwa amehamia Ijumaa, na milango ya ploti yetu yote imepakwa buluu ile ile. Ufunguo wake uliingia kwenye kufuli letu ukazunguka bila kusita. "Niliona viti vimebadilika," akajitetea, "nikasema labda mzee wangu ameninunulia vingine. Lakini nikajiuliza, mbona amenunua vilivyochakaa?"

Hilo la viti nimemsamehe. Lile la kufuli lilinikosesha usingizi.

Maana kufuli lile nililinunua Kibuye kwa heshima zote. Mchuuzi alikuwa na mafungu mawili juu ya gunia. "Mzee, haya ni ya China, mia. Haya ni ya Ujerumani, mia mbili hamsini. La China mtoto anafungua na pini ya nywele." Nikaligeuza la pili, nikaona limechongwa tumboni: Made in Germany. Mtu wa rika langu ukimtajia Ujerumani anatoa pesa kabla hujamaliza kusema. Nililipa mia moja na hamsini zaidi kwa ajili ya jina la nchi, nikarudi nyumbani kifua mbele, na wiki nzima kwa kinyozi nikawa wakili wa Ujerumani bila kulipwa.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi wa jua kali. Yule bwana hata hakusoma maandishi. Alichukua sumaku aliyoibandua kwenye spika ya redio mbovu, akaisogeza karibu, na kufuli likarukia sumaku kama mtoto aliyemwona mamake sokoni. "Shaba haishikwi na sumaku," akasema. "Hili ni chuma kimepakwa rangi." Akapitisha tupa mara mbili ubavuni, umanjano wote ukaisha, ikabaki rangi ya sufuria kuukuu. Halafu akalipasua. Akanionyesha vipini ndani, vijiti vidogo kama punje za mtama, ambavyo ufunguo huvisukuma ndipo kufuli lizunguke.

"Vitatu," akasema. "La maana lina vitano, hata sita. Vikiwa vitatu, tena vimekatwa ovyo hivi, funguo za mtaa mzima ni ndugu."

"Kwa hivyo si la Ujerumani. Ni la China?"

"Sijui ni la wapi. Najua ni la mia mbili hamsini."

Halafu akanielekeza kwa kidole kwenye sanduku lake la vyombo. Kufuli zito, limeng'aa kwa kushikwashikwa. La China, akasema, nalo alilirithi kwa fundi aliyemfunza kazi.

Nilipeleka malalamiko yangu kwa kinyozi, na huko nikamkuta mwalimu mstaafu, mtu ambaye hata ukimsalimia anaanzia enzi za ukoloni. Akacheka mpaka wembe ukasimama. Kumbe hayo maneno "Made in Germany" hayakuanza kama sifa. Yalikuwa aibu! Waingereza walichoshwa na visu vya Wajerumani vilivyokuwa vikiuzwa kana kwamba ni vya Sheffield, mji wao wa visu, wakapitisha sheria mwaka 1887 kwamba bidhaa ya kigeni iseme ilikotoka, ili mnunuzi aione na aikimbie. Wajerumani wakaendelea kuboresha kazi yao, na miaka ilivyosonga, lile onyo likageuka tangazo. Yaani babu wa babu zao ndio walikuwa feki wa wakati ule, na mimi leo nimeuziwa feki ya waliokuwa feki.

Akaendelea na Wajapani, maana alikuwa hajamaliza kunyolewa. Baada ya vita vya dunia vilivyoisha 1945 vitu vyao vilichekwa kama vya kuchezea watoto. Mwaka 1950 akaja Mmarekani mmoja, Deming, akawafundisha kupima ubora kwa hesabu kazi ikiwa bado inaendelea, wasingoje kitu kiharibike ndipo wakitupe. Wakamsikiliza mpaka wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Na leo Mkenya akinunua gari ambalo Mjapani amelichoka, mradi halijapita miaka minane, anamwita kasisi aje kuliombea.

Kijana mmoja wa kuendesha boda akasema sisi wazee tunahangaika bure, tuangalie nambari iliyo chini ya ile mistari myeusi kwenye pakiti. Ikianza na 616 ni ya Kenya, 69 ni China. Mwalimu akamkatiza: nambari hiyo inaonyesha kampuni ilikojiandikisha kupewa nambari, si mahali kitu kilikotengenezwa. Kijana akanyamaza, lakini nina hakika jioni aliendelea kuwafundisha wenzake vile vile.

Tena hao wa boda ndio wasiniambie kitu kabisa. Nenda nao duka la spea uone. "Unataka orijino, ya Taiwan, au ya Dubai?" Ya Dubai! Mimi nakuuliza, omera, Dubai kuna kiwanda gani cha breki za pikipiki? Dubai ni soko tu, kama Kibuye, ila wao wana ubaridi. Ndiyo kusema hapa kwetu jina la nchi limekuwa jina la bei. Orijino maana yake huna uwezo. Taiwan maana yake jikaze. Dubai maana yake usiende mbali na nyumbani. Na hiyo iPhone ambayo mheshimiwa anaiweka mezani ikiangalia juu ili tuione imeunganishwa China au India, na sijawahi kusikia mtu akimwambia ameuziwa ya China. Aliyeiagiza alitaka ya bei ile, kiwanda kikatengeneza. Aliyeagiza kufuli langu naye alitaka la kuuzwa mia mbili hamsini, na faida ibaki. Kiwanda kikafanya hesabu, kikapunguza vipini.

Basi nikajikaza. Mwisho wa mwezi nikaenda na sumaku yangu mfukoni, nikanunua kufuli la shilingi 1,400. Zito, tumbo la shaba tupu, vipini vitano. Limeandikwa China kwa herufi kubwa, halioni haya.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa usiku, mvua imeshuka kutoka ziwani, nikapapasa mfuko mlangoni. Ufunguo umebaki kwenye boda, au barabarani, Mungu anajua. Jirani wa omena akaleta wake, ukagoma kuingia. Ploti nzima ikatoka na funguo zao, wakapanga foleni kama ya kupiga kura, kila mmoja anajaribu na kurudi. Hakuna. Nikampigia fundi simu. Alikata kwa msumeno hadi saa nne na nusu, nyembe mbili zikamvunjikia mkononi, watoto wamelala kwenye viti vya jirani (na kweli, ni vizuri kuliko vyetu), na ule upinde wake wa chuma umetoka alama kama ya kucha.

"Hili ni kufuli," fundi akasema, akifuta jasho, kwa sauti ya mtu anayesifu ng'ombe wa mahari. "Nyembe nyingine ni mia tatu, mzee."

Mama watoto, khanga imemlowa kichwani, akanisogelea.

"Lile la Ujerumani," akasema, "saa hizi tungekuwa tumeshalala."