Tunashukuru kwa Wasiwasi Wenu

Mama mmoja wa Kijerumani ameniuliza leo asubuhi kama gari langu lina mpango wa dharura ghasia zikizuka. Gari lenyewe ni tuktuk. Breki ya mkono ni jiwe, turubai la kushoto lilichukuliwa na upepo wa kusi, na dereva ametoka nyumbani na chai ya rangi tupu tumboni. Lakini mtu mzima hakosi jibu. Nikamwambia mpango upo: ghasia zikizuka, tunakimbia. Akaandika kwenye simu yake.

Ndiyo Juni hiyo, jamani. Tangu vijana wa Kenya waingie Bungeni Nairobi tarehe 25 Juni 2024 kuupinga mswada wa fedha, mwezi huu ukikaribia balozi zinaanza kuwatumia watu wao ujumbe: kaeni macho, punguzeni matembezi. Sisi wenye ghasia zetu hatutumiwi ujumbe na yeyote, isipokuwa wale wa mkopo wa simu wanaotukumbusha kwamba leo ndiyo mwisho wa kulipa kabla hawajampigia mama mkwe.

Mama alikuwa amefikia huko ufuoni Shelly, anataka kuvuka aende Fort Jesus. Nikamtajia bei ya mgeni, ambayo ni bei ya mwenyeji iliyovaa suti. Akakubali, akapanda, akafungua ujumbe wa ubalozi wake na kuanza kunisomea kipengele kimoja kimoja, kwa Kiingereza kile cha polepole anachosemeshwa mtu asiyetarajiwa kuelewa. Cha kwanza: usijitokeze sana. Alikuwa na suruali ya manjano na kofia ya ukili yenye upana wa kutosha abiria watatu. Cha pili: epuka mikusanyiko ya watu.

Hapo tukawa tumefika feri.

Kama umewahi kuvuka Likoni hapa Mombasa saa moja na nusu asubuhi, huna haja ya kuelezwa. Kama hujawahi, kaa huko huko kwenu, nafasi haipo. Lango likafunguliwa, watu wote waliokuwa bandani wakamwagika kwenye ule mteremko: mafundi wa mjengo na nyundo zao, wanafunzi, mama mwenye beseni la samaki kichwani anayewafokea wote wasimguse, kijana wa baiskeli na matenga ya kuku, na kuku nao wana maoni yao. Mgeni wangu akanishika bega.

"Ni maandamano?"

"La, mama. Ni feri."

"Mbona wanakimbia?"

"Wamechelewa kazini."

"Wote?"

Nikamwambia wote, na si leo tu.

Tukaingia. Feri haijafika hata katikati ya maji, mhubiri akaanza. Kila asubuhi yupo, na kipaza sauti chake chenye betri iliyochoka, ila leo nadhani mwenzetu alikuwa amekula. "Mwisho umekaribia! Utawala huu unapita! Jiandaeni!"

"Anasema nini?"

Mimi kutafsiri natafsiri kwa uaminifu. Nikamwambia anasema utawala unapita, watu wajiandae.

"Ni wa upinzani?"

"Ni wa Yesu."

"Lakini anaisema serikali?"

"Anaisema dunia yote, mama. Hata ya kwenu imo."

Akanyamaza kidogo, naona hilo halikuwamo kwenye ujumbe. Mara kijana wa njugu, kwa uchokozi wake tu, akapiga ukelele: "Wantam!", yaani rais akae muhula mmoja tu. Feri nzima ikaangua kicheko, na kule nyuma wakaitikia. Mama akasimama. Badala ya kutokujitokeza kama alivyoagizwa, akainua simu juu ya kofia na kupiga picha, akageuka, akapiga nyingine, mpaka askari wa feri akapasua watu na kuja.

"Madam, hapa hakuna picha!" Kisha akanigeukia mimi, kama kwamba nilimwagiza huyu mama kwa meli. "Wewe ndiye umemleta? Ni mwandishi wa habari?"

"La, afande. Ana wasiwasi tu."

"Wasiwasi wa nini?"

"Wa hali."

"Hali gani?"

Nikamtazama. Akanitazama. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa na fundi wa barabarani kwa uzi wa rangi nyingine.

"Mwambie hata mimi ninao," akasema, akaenda zake.

Katika vipengele vyote vile, cha kutopiga picha kwenye feri hakikuwamo. Ubalozi umemwonya juu ya taifa zima, umesahau kumwonya juu ya simu yake.

Nilimfikisha ngomeni salama, tena nikampa na historia bure. Nikamwambia Mreno aliianza ngome hii mwaka 1593, naye alikuwa mgeni mwenye wasiwasi, maana mtu mwenye amani hajengi ukuta wa unene ule. Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu mpaka wakaitwaa mwaka 1698. Ubalozi wa Mreno ulitoa taarifa gani siku hiyo, sikuulizwa. Akanilipa kwa sarafu. Sarafu za yuro! Akaongeza na moja juu, akasema hiyo ni ya mshikamano na wananchi. Duka la kubadilisha fedha: noti tu. Benki: noti tu. Wa M-Pesa aliigonga mezani, akaisikiliza, akanirudishia. Vijana wa ufuoni ndio hubadilisha, wakimpata mgeni anayerudi kwao awape noti, lakini wageni wenyewe wiki hii wamejifungia hotelini kwa ushauri wa balozi. Kwa hiyo mshikamano ninao mfukoni, unalia njiani kila nikipita shimo.

Nikaenda zangu kijiweni nikanywe kahawa nisahau. Nani akanyamaza? Kuna mzee wetu pale, mstaafu wa bandari, ambaye habari yoyote ya serikali ukiigusa anakurudisha enzi za Rais Moi. Kwake yeye wasiwasi wa siku hizi ni wa kitoto. Mwaka 1990, anasema, Matiba na Rubia, waliodai vyama vingi, wamefungiwa kizuizini, siku ya Saba Saba, Julai 7, watu wamepigwa uwanjani Kamukunji, Nairobi, Marekani ilikuwa na balozi wake hapa, Smith Hempstone, mwanahabari wa zamani, mdomo haufungwi. Mei mwaka huo alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba misaada ya kwao itaelekea kwa wanaojenga demokrasia. Wakubwa wakamtukana mpaka wakachoka. Novemba 1991 wafadhili wakakutana Paris, wakafunga mfereji wa misaada kwa miezi sita. Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kile cha chama kimoja, kikafutwa, vyama vingi vikarudi. Mzee anaisimulia Paris hiyo utadhani ndiye aliyekuwa anamimina chai.

Mimi nikamuuliza kitu kimoja tu. Moi alikalia kiti mwaka 1978. Chama kikafanywa kimoja kisheria mwaka 1982. Miaka yote hiyo mfereji ulikuwa wazi, maji yanatiririka, balozi zinakula karamu. Ikaja Vita Baridi ikaisha, Mrusi hatishi tena mtu, ndipo hao wafadhili wakavaa miwani na kugundua: loo, kumbe hapa chama ni kimoja! Walikuwa hawajui kuhesabu?

Mzee akaagiza kahawa nyingine. Kwa deni langu.

Sasa ipigie hesabu ya 2024. Mei, rais wetu Ruto yuko Washington, zulia limetandikwa. Juni 24, Biden anatia saini Kenya iwe mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, ule muungano wao wa kijeshi. Juni 25, Bunge linafuka moshi, na siku hiyo hiyo, ndugu yangu, siku hiyo hiyo, polisi wetu wanatua Port-au-Prince kwenda kuwatuliza watu wa Haiti. Wa kwetu wanatulizwa kwa risasi, huku wa Haiti wanangojea zamu. Jioni balozi 13 zikatoa taarifa ya pamoja: zina wasiwasi mkubwa, zimeshtushwa. Umoja wa Mataifa, wasiwasi. Umoja wa Afrika, wasiwasi. IMF nao, wakopeshaji wa serikali yetu, ambao ule mswada wa fedha kila mtu aliunusa akasema una marashi yao, wakajitokeza: wana wasiwasi mkubwa. Auma, dada yake Obama, amepigwa moshi wa machozi akihojiwa na CNN moja kwa moja, dunia nzima inamwona anavyopapasa macho. Museveni hapo jirani Uganda, vijana wake walipotaka kuiga mwezi uliofuata, aliwaambia wanacheza na moto. Yeye angalau hakujifanya ana wasiwasi.

Na yule waziri wa Ufaransa je? Januari 2011 Watunisia wanauawa barabarani, Michèle Alliot-Marie anasimama bungeni kwao kutoa ofa: tuna utaalamu wa polisi, tuwasaidie polisi wa rais wao, Ben Ali. Siku tatu baadaye Ben Ali yuko kwenye ndege kwenda Saudia, na mama wa watu kabaki na utaalamu wake mkononi. Februari haikuisha, naye akajiuzulu.

Lakini lile linaloniudhi ni hili la "pande zote". Taarifa ya balozi ilitaka pande zote zijizuie. Pande zipi? Upande mmoja una bunduki, farasi na maji ya kurusha. Upande wa pili una bendera, simu na chupa ya maji ya kunawa macho. Huyu wa pili ajizuie nini? Apunguze kufa? Kufikia Julai mosi tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu waliouawa 39, na hesabu ikaendelea kupanda baada ya hapo. Kuna mama huko anapika chakula cha mtu ambaye harudi, wewe unamwambia pande zote! Niliposema hivyo kijiweni sauti ilinitoka vibaya, hata muuza kahawa akaacha kugonga vikombe.

Basi. Tuyaache.

Maana simu ikalia hapo hapo, na ni binamu yangu wa Minnesota. Huyu ndiye mwenye wasiwasi kuliko balozi zote. Kwao ilikuwa usiku wa manane, hajalala, anatazama video. Akanifokea: mbona mko vijiweni, ingieni barabarani, tumefika mbali, hatuwezi kurudi nyuma! Yeye kweli hawezi kurudi nyuma, karatasi zake hazijatoka. Nikamwambia barabarani nimo tangu alfajiri, na polisi wa trafiki wameshaniona mara kadhaa na kila mmoja ameshukuru. Akapumua, akateremsha sauti, akauliza lile alilonipigia: mchanga wa kiwanja chake cha Ukunda umefika?

Mchanga umefika. Saruji ndiyo ilifika ikaondoka. Na tuwe wakweli, mtu akikaa Marekani akijenga kwa WhatsApp atafanywa nini? Fundi anamtumia picha za ukuta wa jirani, naye anajibu kwa vidole gumba. Mimi nilipita pale wiki jana, nimekuta msingi umepinda, mbuzi wa watu wamefungwa sebuleni, na choo, astaghfirullah, kimeelekea kibla. Nikamwambia fundi, wewe, choo hiki kimeelekea wapi? Akanijibu ndivyo ilivyo kwenye ramani. Ramani gani? Akanionyesha. Ameishika juu chini.