Punguzo la kodi kwa mafunzo na utafiti, Mafinga nani atalipata?

Hii hoja ya serikali kuyapunguzia kodi makampuni yanayosomesha wafanyakazi na kufanya utafiti mi naiunga mkono nusu, nusu nyingine inanipa shida.

Marekani mwajiri anaweza kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka na hela hiyo haikatwi kodi, na nafuu ya kodi kwa utafiti wanayo tangu 1981. Kwetu Tanzania mwajiri mwenye watu 10 kwenda juu analipa SDL, ile tozo ya ujuzi, 3.5% ya mishahara. Yaani kiwanda cha mbao Mafinga chenye mishahara ya milioni 20 kinatoa laki 7 kila mwezi, halafu bosi akitaka fundi wake ajifunze kukausha mbao kwa tanuru analipa tena mfukoni, na fundi akishaiva jirani anamuongezea elfu 50 anaondoka naye. Nani atasomesha hapo? Wanaotaka gharama ya mafunzo ipunguzwe kwenye SDL wana hoja kabisa.

Ila sehemu ya SDL ndo inaendesha VETA, vyuo vya ufundi vya serikali. Ukiitoboa, dogo wa Makete ambaye hajaajiriwa na mtu atasomea wapi? Na semina hewa zitakuwa nyingi, picha na vyeti vipo, ujuzi hakuna.

Kwenye utafiti ndo napata mashaka zaidi. Sheria ya kodi ya mapato ya 2004 tayari inaruhusu gharama za utafiti zitolewe kabla ya kodi, na kodi ya kampuni ni 30%, kwahiyo milioni 10 ya utafiti inaokoa milioni 3, ila lazima uwe na faida. Mwenye biashara yake ndogo anayelipa kodi kwa mauzo hapati hata shilingi, kodi yake haiangalii gharama.

Alafu angalia maharage. Mbegu za Uyole 96 na Njano Uyole zimetoka kituo cha umma cha utafiti wa kilimo pale Uyole, Mbeya, siyo kampuni, maana maharage mkulima wa Mbozi anajiwekea mbegu mwenyewe msimu unaofuata, kampuni itamuuzia nini tena? Mahindi chotara inabidi anunue kila mwaka, ndo maana huko makampuni yamejaa bila kubembelezwa. Punguzo litaenda kwenye mahindi, maharage yatabaki palepale.

Mimi ningepunguza SDL kwa fundi aliyefanya mtihani wa VETA akafaulu, siyo aliyehudhuria tu, na hela ya kubembeleza utafiti wa makampuni ningeipeleka Uyole.