Lenzi za kupunguza kasi ya kutoona mbali: mzazi analipia nini?

Mzazi anaingia duka la miwani pale Moi Avenue, Mombasa, na mtoto wa miaka minane. Anaambiwa kuna lenzi za kawaida, na kuna nyingine za kupunguza kasi ya kutoona mbali, bei yake mara kadhaa. Mtoto akivishwa hizi, kisha zile, anasoma herufi zile zile. La kwanza kumjia mzazi ni kwamba anaibiwa. Hasira hiyo naielewa, ila lenzi hizi tunazihukumu kwa kipimo kisicho chake.

Mtoto asiyeona mbali, aghalabu jicho lake limerefuka kupita kiasi, mbele kwenda nyuma, na taswira inatua kabla ya kuifikia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru. Lenzi ya kawaida huirudisha mahali pake katikati, lakini pembeni nuru yaweza kutua nyuma ya retina, na watafiti wengi wanaona hiyo ndiyo ishara inayoliambia jicho lizidi kurefuka. Lenzi iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong pamoja na kampuni ya HOYA ina sehemu safi katikati, kisha imezungukwa na vilenzi kama mia nne, kila kimoja upana wa milimita moja hivi, vinavyoitua sehemu ya nuru mbele ya retina. Jicho linapata ishara ya kupunguza mwendo. Kwa hiyo dukani hakuna cha kuonekana. Kinacholipiwa ni nambari kubwa ya miwani ambayo mtoto huyu hatakuwa nayo akifika miaka kumi na sita.

Katika utafiti wao wa miaka 2, watoto wa miaka 8 hadi 13 waliovaa lenzi za kawaida nambari yao ilipanda kwa wastani wa daiopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 0.85. Waliovaa lenzi mpya, 0.41. Tofauti ni 0.44, na hapo ndipo watu hucheka: hata nusu daiopta haijatimia! Lakini jicho likisharefuka halirudi kuwa fupi, na anayeanza na miaka saba ana miaka mingi ya kurefuka mbele yake. Nambari kubwa nayo si unene wa lenzi tu. Huleta hatari ya retina kubanduka, ya presha ya macho, na ya kuharibika kwa kitovu cha retina, pale tunaposomea na kutambulia nyuso za watu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema kila daiopta moja inayozuiwa hupunguza hatari ya kitovu hicho kuharibika kwa asilimia 40 hivi. Uharibifu huo hauna miwani ya kuurekebisha. Ukiiweka hesabu hiyo mbele, ile 0.44 haichekeshi tena.

Wanaotilia shaka wana hoja. Majaribio yamedumu miaka michache, hayajawafuata watoto hadi uzeeni, na mengi yamefanyika Asia ya Mashariki. Miwani ya mtoto huvunjika, nambari hubadilika, na gharama hurudi upya. Tena lenzi yataka kuvaliwa kutwa: huko Wenzhou, China, walionufaika zaidi na Stellest, lenzi nyingine ya aina hii, ni waliovaa saa 12 au zaidi kwa siku. Mtoto anayeivua kila akiitwa macho manne, au kwa kuwa nyanya amesema jicho litazoea miwani, atapata faida kidogo.

Wengine husema jua la Mombasa ni bure, mpelekeni mtoto ufukweni Mama Ngina. Wapelekeni, kweli. Huko Guangzhou, pia China, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kwa siku zilipata asilimia 30.4 ya watoto walioanza kutoona mbali katika miaka 3, dhidi ya 39.5 kwingineko. Ila jua limethibitika zaidi katika kuzuia tatizo lisianze. Kwa aliyekwisha kuanza, ushahidi wake ni dhaifu zaidi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mtoto wa Kisauni au Likoni asiye na miwani yoyote, anayenakili daftari la jirani kwa kuwa ubao hauoni. Pesa za umma zianzie kwake, na lenzi za kawaida zinamtosha kuuona ubao. Lakini hilo halimfanyi mzazi mwenye uwezo kuwa amelaghaiwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Stellest Septemba 2025, kwa watoto wanaoanza kuivaa wakiwa na miaka 6 hadi 12. Mtoto wa umri huo ambaye nambari inapanda kila mwaka, ningemnunulia kabla ya kumnunulia tableti. Kijana wa miaka kumi na saba ambaye nambari yake imetulia, nisingemtoza babake shilingi hata moja ya ziada.

Basi karatasi ya vipimo vya mwaka jana msiitupe. Nendeni nayo dukani, mwulize nambari imepanda kiasi gani tangu wakati ule, na kama wana mashine ya kupima urefu wa jicho.