Goti langu na baraza la mawaziri

Barua ya bima nimeikuta leo sandukuni hapa Rotterdam, Uholanzi. Bahasha ileile, mnaijua. Daktari kaliminya goti langu kwa kidole kama anayechagua embe, likapigwa picha moja, basi: yuro 385, kiwango cha mgonjwa kujilipia mwenyewe kabla bima haijatia mkono mfukoni. Sikusema kitu. Mtu mzima halii mbele ya sanduku la barua.

Mvua nisiitaje. Treni ndiyo kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba hii 385 niliahidiwa itakufa. Kwenye kampeni za uchaguzi wa 2023 Geert Wilders, kiongozi wa chama cha PVV, alisema ataifuta. Akaongoza kwa viti 37. Sasa bunge lao lina viti 150. Kwa 37 umealika watu harusini huna hata sufuria. Akaazima kwa vyama vitatu, na kila mwenye sufuria akataka lipikwe pilau lake. Wakakutana katikati: haifutwi, wakapanga ishushwe hadi 165. Lini? 2027. Nikaliambia goti livumilie.

Leo nikampigia mjomba Tanga kumlilia. Kosa langu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Aliyekuahidi si ndiye waziri mkuu? Mfuate."

"Hakupewa uwaziri mkuu, mjomba. Wenzake walimkatalia."

"Si alishinda?"

"Alishinda."

"Basi akapewa wa pili."

"Hapana. Viongozi wote wanne walikubaliana wabaki bungeni, asiingie serikalini hata mmoja. Akaletwa Dick Schoof."

"Wa chama gani huyo?"

"Hana chama. Aliwahi kuwa mkuu wa idara ya ujasusi."

Kimya. Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Yaani aliyeshinda hakupewa, na aliyepewa hakugombea."

Nikajaribu kuwasitiri wenyeji wangu. Nikamwambia huku serikali ni posa, mjomba, haina haraka, kuna washenga. Akataka habari za mshenga. Nikalazimika kusema kweli: wa kwanza alijiuzulu asubuhi ya siku aliyotakiwa kuanza.

"Posa ikachukua muda gani?"

"Siku 223. Lakini hiyo afadhali, ile ya 2021 ilikwenda siku 299."

"Mia mbili tisini na tisa! Mimba ingetungwa, mtoto azaliwe, na arobaini iwe inanukia!" Nikamsikia anamwita shangazi aje asikie. "Na ndoa yenyewe?"

"Miezi 11. Juni 2025 Wilders akatoka, wakigombana juu ya waomba hifadhi."

"Na mfalme wao anatazama tu?"

"Anawaapisha, halafu anapiga nao picha ngazini."

"Basi mwenzio picha anazo. Wewe una nini?"

Hapo uvumilivu ukaniisha. Mjomba, nikasema, mimi nina goti! Ninapanda ghorofa tatu kwa goti moja, nalipa kila mwezi, nalipa tena nikiugua, na hao waliokaa miezi saba wakibishana nani awe waziri wa nini hakuna aliyeniuliza ninashukaje hizo ngazi! Shangazi akasema nisimpigie mjomba wangu kelele.

Nikaomba radhi.

"Hilo goti," mjomba akauliza taratibu, "umelikanda na mafuta ya nazi?"

Mafuta ya nazi yapo kwa Msurinami, yule mtu wa Suriname mwenye duka hapo kona. Lakini leo Jumatatu, kafunga mpaka saa saba mchana, na baiskeli nayo nimekuta imetolewa upepo.